AL-KHWARIZMI: MWANACHUONI ALIYETOA JIBU NA KUONYESHA NJIA YAKE

Neno algorithimu siku hizi limeenea kila mahali. Kijana wa Kahama anaomba mkopo kwenye simu, anakataliwa ndani ya sekunde chache, akiuliza anaambiwa ni mfumo. Mwingine anatuma maombi ya kazi kwa njia ya mtandao, jina lake linachujwa kabla halijasomwa na binadamu yeyote, akiuliza anaambiwa ni mfumo. Mfumo huo, kwa lugha ya wataalamu, ni algorithimu. Lakini ni wangapi kati yetu wanaojua kwamba neno hilo ni jina la mtu? Tena ni mtu aliyeishi Baghdad miaka zaidi ya elfu moja na mia moja iliyopita, na sehemu kubwa ya kitabu chake mashuhuri aliiandika ili Waislamu wagawane mirathi bila kudhulumiana.

Mimi ni mwalimu wa elimu ya dini ya Kiislamu katika sekondari moja hapa mkoani Geita. Kilichonisukuma kuandika makala hii ni kijana niliyepata kumfundisha, ambaye sasa yuko katika utafiti wa shahada ya uzamivu. Anachotafiti ni hisabati ya namna ya kuifanya mashine yenye akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde, ieleze sababu za uamuzi wake. Watu wa nyumbani kwao wanamshangaa. Wanauliza, hivi mtoto wa mchimbaji anakwenda kusoma miaka yote hiyo ili aiulize mashine kwa nini? Si angesomea madini akapata kazi mgodini? Nimeona nijibu swali hilo kwa kumweleza Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, kwa sababu jibu lake limo katika maisha ya mtu huyo.

Alikuwa nani?

Al-Khwarizmi alizaliwa yapata mwaka 780 Miladia. Nasaba yake inatajwa kuwa ya Khwarazm, nchi iliyo kusini ya bahari ya Aral, ambayo leo imegawanyika kati ya Uzbekistan na Turkmenistan. Tunayoyajua juu ya maisha yake binafsi ni machache mno. Ibn an-Nadim, muuza vitabu wa Baghdad aliyetunga orodha yake kubwa ya vitabu na waandishi mnamo mwaka 987, alimpa mistari michache tu. Hatuna habari za mke wake, watoto wake wala sura yake. Tulicho nacho ni vitabu vyake, na kwa mwanachuoni hiyo ni wasifu tosha.

Alifanya kazi Baghdad wakati mji huo ungali mchanga. Khalifa al-Mansur aliuasisi mwaka 762, na kufikia zama za Harun ar-Rashid ulikuwa umekuwa soko la bidhaa na la elimu kwa pamoja. Mwana wa Harun, Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia mwaka 813 hadi 833, aliwakusanya wanachuoni kwenye hazina ya vitabu iliyojulikana kama Baytul Hikma, yaani Nyumba ya Hekima. Hapo zilisomwa elimu za Wahindi, za Wafursi na za Wayunani. Wakristo, Mayahudi na Waislamu walikaa pamoja wakifasiri na kujadiliana. Al-Khwarizmi alikuwa mmoja wa watu wa hazina hiyo.

Uadilifu unatutaka tuseme pia upande wa pili. Al-Ma'mun huyo huyo aliyependa elimu ndiye aliyeanzisha, mwaka 833, mtihani wa itikadi ulioitwa mihna. Wanachuoni walilazimishwa kukiri kauli ya serikali kuhusu Qur'an. Imamu Ahmad bin Hanbal alikataa, akafungwa, na baadaye katika utawala wa al-Mu'tasim akachapwa viboko. Alichokuwa akikitaka Imamu kilikuwa kitu kimoja: aletewe dalili. Aliyekuwa na mamlaka akamletea mjeledi. Nayataja haya kwa sababu mwishoni mwa makala tutarudi kwenye suala hili la mwenye nguvu anayetaka akubaliwe bila kutoa dalili.

Kitabu cha al-jabr

Mnamo mwaka 820 au karibu yake, al-Khwarizmi aliandika kitabu kifupi cha hisabu ya al-jabr na al-muqabala. Kinaanza kama kitabu chochote cha Muislamu, kwa kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume (S.A.W.). Kisha anaeleza kwamba anakiandika kwa haja za watu katika mirathi, wasia, kugawana mali, kesi, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Kwa ufupi, ni mambo yale yale yanayowafikisha watu wetu mbele ya masheikh na mahakimu hadi leo.

Neno al-jabr lina maana ya kurudisha kitu mahali pake, na Waarabu walilitumia pia kwa kazi ya kuunga mifupa iliyovunjika. Katika hesabu ni kukiondoa kilichopungua upande mmoja kwa kukirudisha upande wa pili. Al-muqabala ni kuzikabilisha pande mbili na kufuta kinachofanana. Kutokana na al-jabr lugha za Ulaya zikapata jina la somo ambalo wanafunzi wetu wanaliita aljebra na kulikimbia.

Mwanafunzi wa leo akikifungua kitabu hicho atashangaa. Hakuna herufi za eksi wala wai. Kila kitu kimeandikwa kwa maneno, hata namba zenyewe. Kisichojulikana anakiita kitu, au shina. Anayagawa maswali yote katika mafungu sita, na kila fungu analipa kanuni yake.

Sasa hebu tutazame mfano wake mashuhuri. Chukua mraba ambao upande wake haujulikani, uongeze na pande kumi za mraba huo, jumla iwe 39. Upande ni ngapi? Kanuni yake inasema: chukua nusu ya 10, ambayo ni 5. Zidisha kwa yenyewe upate 25. Jumlisha na 39 upate 64. Tafuta shina lake, ni 8. Ondoa ile 5. Jibu ni 3. Ukitaka kuhakiki, mraba wa 3 ni 9, mara kumi ya 3 ni 30, jumla 39.

Angeishia hapo, kitabu kingetosha kwa karani wa serikali. Lakini hakuishia hapo. Aliona kwamba msomaji ana haki ya kujua kwa nini nusu ya 10, na kwa nini 25. Akachora. Fikiria shamba la mraba. Upande wa kulia wa shamba ongeza kipande chenye upana wa 5, na upande wa chini ongeza kingine chenye upana wa 5. Vipande hivyo viwili ndivyo zile pande kumi, na shamba pamoja na vipande vyake lina eneo la 39. Sasa tazama kwenye kona, pana pengo la 5 kwa 5, nalo ni 25. Liziba pengo hilo upate mraba mkubwa wa 64. Upande wake ni 8, na katika hiyo 8, 5 ni ya kipande ulichoongeza, kwa hiyo shamba la asili lina upande wa 3.

Mtoto wa darasa la saba anaweza kuuona mchoro huo na kuridhika. Halazimiki kuamini kwa sababu aliyesema ni mtu wa khalifa. Anaridhika kwa sababu ameliona pengo kwa macho yake. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ulipo ukubwa wa mtu huyu. Kanuni za namna hiyo zilikuwapo Babeli karne nyingi kabla yake, na Wayunani na Wahindi walikuwa na hisabati yao ya juu. Yeye alizipanga zikawa elimu inayosimama yenyewe, na akaziwekea sababu mbele ya msomaji wa kawaida.

Mirathi hatua kwa hatua

Karibu nusu ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi. Sehemu hii wanahistoria wengi wa Ulaya waliipita haraka, kwa kuwa haikuwahusu. Sisi inatuhusu. Mafungu ya warithi yametajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12, na kila mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu anayajua. Tabu huja pale mafungu yanapokutana na wasia wenye sehemu za ajabu.

Mojawapo ya masuala yake ni la mwanamke aliyefariki akaacha mume, mtoto mmoja wa kiume na mabinti watatu, na akamuusia mtu wa nje sehemu moja ya nane na sehemu moja ya saba ya mali yake. Tulilete huku kwetu Usukumani, tuseme mali ni ng'ombe 1,120. Moja ya nane na moja ya saba ukizijumlisha ni 15 katika 56, haivuki theluthi, wasia unapita. Mtu wa nje anachukua ng'ombe 300, wanabaki 820. Mume ana robo ya hao, ni 205. Waliobaki, 615, wanagawanywa mafungu matano, mwanamume mawili na kila binti moja. Mwanamume anapata 246 na kila binti 123. Jumlisha wote, 300 na 205 na 246 na 369, utapata 1,120. Hakuna ng'ombe aliyepotea njiani.

Binti katika suala hili akisimama na kusema mbona mimi 123 na mume wa mama 205, anajibiwa. Ataonyeshwa fungu, ataonyeshwa hatua, na akiona hatua moja imekosewa ana haki ya kuipinga. Kadhi naye anabanwa na hatua hizo hizo. Ugawaji ambao hauna hatua, hata kama umetoka sahihi kwa bahati, humwacha yatima na shaka isiyokwisha, na shaka hiyo ndiyo inayovunja udugu.

Tarakimu, ramani na jina lake

Kitabu chake kingine kilihusu hesabu kwa tarakimu za Kihindi, yaani zile alama tisa pamoja na duara la sifuri. Neno letu la Kiswahili sifuri tumelipata kwa Waarabu, ambao waliliita sifr, maana yake tupu. Asili ya kitabu hicho kwa Kiarabu imepotea, lakini tafsiri yake ya Kilatini ilibaki. Wazungu wa karne ya kumi na mbili walipokisoma, walilitamka jina la mwandishi kwa namna yao, likawa Algoritmi. Kadiri miaka ilivyopita watu wakasahau kuwa hilo ni jina la mtu, wakalifanya jina la njia ya kukokotoa. Hivyo ndivyo tulivyopata neno algorithimu.

Vitabu vyake vingine navyo vilisafiri. Majedwali yake ya nyota yalifasiriwa na Adelard wa Bath mwaka 1126. Kitabu cha al-jabr kilifasiriwa na Robert wa Chester huko Hispania mwaka 1145, kisha na Gerard wa Cremona katika karne hiyo hiyo. Kitabu chake cha sura ya ardhi, kilichokamilika mwaka 833, kinataja mahali 2,402 kwa vipimo vya longitudo na latitudo, kikifuata na kusahihisha kazi ya Ptolemy, ambaye kwa mfano aliirefusha mno bahari ya Mediterania. Al-Khwarizmi hakumfuata mkubwa wa zamani kwa kuwa tu ni mkubwa. Alipima tena.

Siku kumi za al-Wathiq

Sasa tufike kwenye habari ambayo wanaomsifu hawapendi kuitaja. Mwanahistoria at-Tabari anasimulia kwamba mwaka 847, Khalifa al-Wathiq alipougua, waliitwa wanajimu waitazame nyota yake. Katika majina anayoyataja limo la Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Wanajimu wakatazama, wakampa khalifa habari njema kuwa ataishi miaka hamsini mingine. Al-Wathiq hakuzidisha siku kumi.

Wako watafiti wanaosema kuwa jina katika maandishi hayo limechanganyika na la mtu mwingine, kwa sababu limeongezewa nasaba ambazo hazifahamiki kuwa ni zake. Linaweza kuwa hivyo. Lakini hata tukichukulia kuwa ni yeye, funzo halipungui, bali linazidi. Akili ni ile ile, na kalamu ni ile ile. Katika kitabu cha al-jabr kila hatua iko wazi, na leo, baada ya miaka elfu na mia mbili, mtoto wa Geita anaihakiki kazi hiyo kwa kipande cha chaki. Kwenye kitanda cha khalifa lilitolewa jibu bila njia, na hakuna aliyeweza kulihakiki mpaka kifo kilipolihakiki chenyewe. Umahiri wa msemaji haukusaidia kitu.

Al-Khwarizmi mwenyewe alifariki karibu na mwaka 850.

Ramli ya zamani na ramli ya sasa

Sisi watu wa Shinyanga na Geita tunajua gharama ya jibu lisilo na njia. Vikongwe wameuawa katika vijiji vyetu kwa sababu mpiga ramli alisema ndiye mchawi, na dalili iliyotolewa ni macho mekundu, macho yaliyowiva kwa moshi wa kuni na samadi ya ng'ombe jikoni. Ndugu zetu wenye ualbino walivamiwa na kukatwa viungo, hasa kuanzia mwaka 2006 na kuendelea, kwa sababu mganga alimwambia mtafuta mali kwamba dhahabu na samaki vitapatikana kwa njia hiyo. Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Uislamu ulikwisha kuikataza ramli karne nyingi kabla.

Je, nini kilichoifanya ramli iue? Aliyetajwa hakuwa na mlango wa kujitetea. Angeuliza umejuaje, angejibiwa kuwa kibuyu kimesema. Hakuna hatua ya kuipinga, kwa kuwa hakuna hatua.

Sisemi kwamba kompyuta ni ramli. Kompyuta inafanya hesabu za kweli, na ina manufaa makubwa. Chuo Kikuu cha Makerere kimetengeneza programu zinazotambua magonjwa ya muhogo kwa picha ya jani iliyopigwa na simu. Hiyo ni kheri kwa mkulima. Ninalosema ni kwamba mashine hizi mpya hazifanyi kazi kama kanuni za al-Khwarizmi. Mwandishi wa programu haiandikii mashine hatua za kufuata ili kufikia uamuzi. Anaipa mifano maelfu kwa maelfu, nayo inajirekebishia namba zake za ndani mpaka majibu yake yafanane na mifano. Namba hizo huweza kufika mamilioni, hata mabilioni. Ukiifungua utaziona zote, na hutaelewa hata moja inasema nini. Hesabu ipo, lakini maana imejificha. Na kama mifano iliyofundishiwa ilikuwa na dhulma, mashine itaijifunza dhulma hiyo na kuiita hesabu.

Hapo ndipo inapoanza kazi ya kijana wangu. Aliponieleza, alitumia mfano wa duara la dhahabu, na nitaurudia kama nilivyouelewa. Mchimbaji akifanya kazi peke yake anapata gramu 6. Mwenye pampu peke yake, bila mchimbaji, hapati kitu. Wakishirikiana, maji yakavutwa, wanapata gramu 10. Mgao wa haki ni upi? Mwaka 1953 mwanahisabati wa Kimarekani Lloyd Shapley alitoa njia. Tazama kila mpangilio wa kuingia kazini. Mchimbaji akitangulia analeta 6, na pampu ikija inaongeza 4. Pampu ikitangulia inaleta sifuri, na mchimbaji akija anaongeza 10. Chukua wastani. Mchimbaji ana 6 na 10, wastani wake 8. Pampu ina 4 na sifuri, wastani wake 2. Jumla ni 10, hakuna gramu iliyopotea.

Njia hiyo ya kugawa mali ndiyo inayotumika sana leo kugawa lawama na sifa ndani ya mashine, hasa tangu mwaka 2017. Mashine ikikupa alama 40 za kuaminika wakati wastani wa watu ni 60, zile alama 20 ulizopungua zinagawanywa: ngapi ni kwa sababu ya kipato, ngapi ni umri, na ngapi ni kwa sababu tu unaishi machimboni. Msomaji ataona kuwa ni mirathi ile ile. Kila mwenye fungu apewe fungu lake, na jumla itimie.

Lakini kazi haijaisha, na ndiyo maana inahitaji utafiti wa uzamivu. Vitu viwili vina mipangilio 2. Vitu vitatu vina 6. Vitu kumi vina 3,628,800, na mashine hutazama vitu mamia. Hapana budi kukadiria, na anayekadiria lazima athibitishe amekosea kwa kiasi gani. Isitoshe, mgao hubadilika kulingana na unachodhani pale unapokiondoa kitu kimoja. Umri na kipato huenda pamoja, sasa ukiondoa umri unafanya nini na kipato? Watafiti wawili huweza kutoa maelezo mawili ya uamuzi mmoja. Wapo pia wanaosema kwamba katika mambo yanayogusa maisha ya watu, afadhali kutumia kanuni nyepesi inayosomeka tangu mwanzo, kuliko kutengeneza fumbo kisha kutafuta wa kulifumbua. Mimi, kama mwalimu wa mirathi, nauelewa sana upande huo.

Wala wanaotaka kijana asomee madini wasidhani kuwa hisabati hii iko mbali na dhahabu. Mwaka 1951 mhandisi wa Afrika Kusini, Danie Krige, aliandika tasnifu juu ya kukadiria dhahabu ya Witwatersrand kwa sampuli chache za mawe. Mfaransa Georges Matheron akaijenga kuwa nadharia kamili, na migodi duniani kote ikaipokea. Hesabu hiyo hutoa kiasi cha dhahabu inayotarajiwa, na pamoja nacho hutoa kiasi cha shaka iliyopo. Leo wanaofundisha mashine kujifunza wanaitumia hesabu hiyo hiyo kwa jina jingine. Afrika ilishachangia. Kwa nini kijana wetu asichangie?

Tudai nini?

Ndugu msomaji, suala la riba katika mikopo ya simu lina makala yake, na halijabadilika. Hapa nazungumzia haki ya kuuliza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inagusa maamuzi yanayofanywa na mitambo peke yake juu ya mtu. Wangapi wameisoma? Kijana akikataliwa na mfumo, na aulize kwa maandishi: ni taarifa zangu zipi zimetumika, na ni ipi iliyoniangusha? Viongozi wa misikiti na wanasheria wetu wamsaidie kuandika. Taasisi inayojibu kuwa ni mfumo tu, inajibu kama yule aliyesema kibuyu kimesema.

Na sisi walimu tunahusika. Tunapomfundisha mtoto kukariri mafungu ya mirathi bila kumwonyesha yanavyotoka, na mwenzetu wa hisabati anapomfundisha kanuni bila mchoro, tunamzoesha kupokea jibu kwa kuwa limetoka kwa mkubwa. Mtoto aliyelelewa hivyo hataiuliza mashine kitu, kama ambavyo waliomtangulia hawakumuuliza mpiga ramli. Nawashauri walimu wa dini na wa hisabati katika shule zetu wakae darasa moja walau mara moja kwa muhula, walifundishe suala la yule mwanamke wa ng'ombe 1,120 kwa pamoja, hatua kwa hatua, na wamruhusu kila mwanafunzi asimamishe hesabu pale asipoelewa.

Wazazi wa kijana yule nao nawaomba wamwache asome. Baba yake akigawana mawe ya duara na wenzake hakubali kuambiwa fungu lake ni mfuko mmoja bila kuonyeshwa mifuko yote ilikuwa mingapi. Mwanawe anataka mashine nazo zimwonyeshe kila mtu mifuko yote.

Wallahu a'lam.